Sura ya Saba: Wadudu Kumi na Mmoja wa Blanketi la Kijivu

Mfuko wa tatu ndio uliomharibia Inspekta Cirillo Lako siku, na siku yenyewe ilikuwa bado changa. Saa tatu kasorobo asubuhi alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda katika maabara ya Zilpah, daktari wa wadudu, mtaa wa Nyakuron mjini Juba, kofia yake magotini, akimtazama mwanamke huyo wa Kikenya akikagua yaliyotoka katika mifuko mitatu ya nailoni.

Maabara ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja kilichokodiwa na shirika la kilimo, chenye hadubini mbili, jokofu lililonguruma na kunyamaza kwa kadiri ya matakwa ya jenereta, na rafu za vichupa vilivyojaa wadudu wa vitunguu na maharagwe. Zilpah aliajiriwa kwa ajili ya vitunguu. Mambo ya maiti aliletewa na Cirillo, ambaye hakuwa na pengine pa kuyapeleka.

Kesi ilikuwa ya maneno machache. Siku ishirini nyuma, Pitia, mfanyabiashara wa Hai Jalaba aliyepeleka mizigo kaskazini kwa matishari, alikutwa amekufa uani, katika hosh ya Jude, mmoja wa wachukuzi wake bandarini. Alikuwa amepigwa kisogoni kwa kitu kizito na kuzungushiwa blanketi la kijivu. Jana yake Pitia alikuwa amemfukuza Jude kazi mbele ya watu, na Jude akamjibu kwa maneno ambayo bandari nzima iliyasikia. Afisa wa kwanza aliona kesi imejipika yenyewe. Alimtia Jude pingu, akapiga picha mbili kwa simu, kisha akahamishiwa Torit, na faili likamwangukia Cirillo siku ya sita.

Cirillo hakuamini hata kidogo. Mtu haui tajiri wake halafu akalala usingizi hatua kumi kutoka kwenye maiti. Yeye alimtilia shaka Cyrus, binamu wa Pitia na mshirika wake wa biashara, mwenye nyumba kubwa hapo hapo Nyakuron. Jioni ya mwisho Pitia alionekana akiingia nyumba ile, na hakuna aliyemwona akitoka. Lakini shaka haipelekwi mahakamani. Alichokuwa nacho ni blanketi ambalo hakuna aliyelikiri, na ndani ya mikunjo yake wadudu weusi kumi na mmoja, kila mmoja nusu ya punje ya mchele.

Faili lilitakiwa kwa wakili wa serikali saa nane mchana. Likifika vile lilivyokuwa, Jude angeshtakiwa kwa kuua kwa makusudi, na kwa shtaka hilo mtu hunyongwa.

"Mfuko wa bandarini hauna kitu," Zilpah alisema. "Mchanga na magamba ya samaki."

"Na ya Cyrus?"

Alimsogezea sahani nyeupe. Ilikuwa imejaa majivu.

Sajini Achai, aliyetumwa jana kukusanya mifuko hiyo, alikuwa amekwisha kumweleza. Nyuma ya stoo ya Cyrus palikuwa na rundo la miaka mingi, majani ya mitiki na vijiti vilivyotupwa pale kila wanapofagia. Siku zote za bika, matanga ya Pitia, watu wa nyumba hawakushika ufagio, kama desturi inavyotaka. Bika ilipokwisha walifagia hosh nzima, wakaunganisha takataka za msiba na lile rundo la zamani, wakatia moto. Cyrus mwenyewe ndiye aliyemwonyesha Achai mahali penyewe, akamletea na kiti, akasema samahani kwa moshi.

"Hiyo haina neno," Cirillo alisema, ingawa lilikuwapo. "Mimi iko na ile ya Jude. Kama kwa Jude hakuna hii wadudu, tunasimama."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake ya wiki nzima, na ilitoka kwa Zilpah mwenyewe. Wiki iliyopita alimkalisha mbele ya hadubini akamfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Hawa ni thripsi, alisema, lakini si wale wanaonyonya vitunguu. Tazama mkia: umeisha kwa mrija, kama bomba la jiko. Na tazama tumbo. Thripsi wa mazao yeye huwalowesha kwenye dawa kali hadi waoshwe ndani na kubaki ngozi tupu ya kuhesabia vinyweleo. Wawili wa blanketi aliwaacha na matumbo yao, na ndani ya matumbo Cirillo aliona vidonge vya kahawia vimepangana. Zilikuwa mbegu za kuvu, zimemezwa nzima nzima. Mdudu huyu hali jani bichi wala ua. Anaishi kwenye majani makavu yaliyorundikana na vijiti vilivyokufa, mahali kuvu imeota, na pasipo kuvu hana chakula.

Cirillo alirudi kituoni siku hiyo akitembea upesi kuliko kawaida yake. Hosh za watu wa Juba hufagiwa kila alfajiri hadi ardhi inang'aa. Kwa Jude hapakuwa na rundo la majani, basi blanketi lilitoka kwingine, na aliyelibeba alitoka kwingine. Ilibaki kuleta mfuko kutoka kwa Jude kuonyesha hapana kitu. Zilpah ndiye aliyeudai. Bila wa kulinganisha, alisema, hakuna ulinganisho.

Sasa mfuko huo wa tatu ulikuwa umemwagwa ndani ya faneli ya bati yenye balbu juu yake. Joto likishuka kupitia takataka, wadudu hulikimbia kuelekea chini na kutumbukia katika kichupa cha spiriti. Ulikuwa umekaa hapo tangu jana jioni. Zilpah alikitoa kichupa, akamimina tone kwenye kioo, akainama juu ya hadubini. Akahesabu, kisha akahesabu tena.

"Afande," alisema hatimaye, "kuja uone mwenyewe."

Cirillo aliinama. Alikuwa ameishi nao wiki nzima na hakuhitaji kuambiwa. Miili myeusi, mkia wa bomba, matumbo yenye vidonge vya kahawia. Kati yao palikuwa na watoto wadogo wekundu.

"Ngapi?"

"Wakubwa ishirini na watatu."

"Hii mfuko ni ya Jude kweli? Achai hakuchanganya?"

"Ameandika jina, tarehe, na kona ya hosh. Huyo sajini wako anaandika vizuri kuliko mimi."

Cirillo alirudi kwenye kreti. Alijisikia mjinga, na ujinga huo ulikuwa na jina lake peke yake. Katika siku kumi na nne hakuwahi kukanyaga hosh ya Jude. Maiti ilishaondolewa, mke alihojiwa kituoni, yeye akaona hakuna cha kufuata. Kwamba pale panafagiwa, hakuliona wala kuliuliza, hata kwa Achai. Alilijua tu, kama anavyojua kwamba jua linawaka.

"Ngoja nikuonyeshe kitu," Zilpah alisema. "Usiende bado." Alikuwa amepandisha vioo viwili kwenye hadubini mbili, kimoja kila moja. "Hawa wa blanketi. Angalia mgongo. Unaona mbawa?"

"Hapana."

"Wote kumi na mmoja hawana. Wala hazikukatika, zikikatika vishina hubaki. Walizaliwa hivyo. Sasa hawa wa kwa Jude."

Kila aliyekomaa alikuwa na mbawa nyembamba, zenye manyoya pembeni kama unyoya wa kuku.

"Hii maana yake nini?"

"Thripsi wa aina hii wakishakaa mahali pamoja vizazi vingi, chakula kipo na hakuna haja ya kuhama, wengi wanazaliwa bila mbawa. Mwenye mbawa ni yule mgeni, amefika juzi, anaanzisha boma. Wa blanketi wametoka kwa rundo la zamani, miaka. Wa kwa Jude wamehamia majuzi tu."

Cirillo alifikiri. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, na jambo hilo lilimwingia bila shida. "Kama sisi," alisema. "Watu ya kwanza kambini ilifika na mabegi. Watoto yenye ilizaliwa pale, hiyo begi hawaijui."

"Hivyo hivyo."

"Sasa kama kwa Jude ni wageni, kuvu yenyewe ilitoka wapi? Nani alileta majani?"

"Hilo si la maikroskopu," Zilpah alisema. "Hilo uliza mwenye nyumba."

Hosh ya Jude ilikuwa mwisho wa kichochoro nyuma ya maduka ya Hai Jalaba, imezungushiwa mabati na mianzi. Cirillo alisukuma lango akasimama pale pale. Ardhi haikuonekana. Majani ya mwarobaini yalitanda kutoka ukutani hadi mlangoni, ya chini meusi na yameshikana kwa mvua, ya juu ya manjano. Katika kona ya mashariki, alipolazwa Pitia, palikuwa na lundo la matawi yaliyokauka, vijiti vyake vimeota utando mweupe. Kijia chembamba, upana wa mguu mmoja, kilitoka mlangoni hadi langoni, nacho hakikufagiwa, kilikanyagwa tu.

Mke wa Jude alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Aliitwa Poni, mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi. Alipomwona Cirillo alitazama kwanza nyuma yake, kama kuna mwingine amekuja naye, kisha akashusha macho.

"Mimi peke yangu, mama," Cirillo alisema. Waliongea Kiswahili cha Uganda, maana majirani waliokuwa wameegemea mabati upande wa pili walijua Kiarabu cha Juba kuliko wanavyojua majina yao. "Hii majani. Tangu lini?"

"Tangu ile siku."

"Kabla ya ile siku?"

"Kabla, mimi nafagia kila asubuhi. Uliza watu."

"Na hii matawi kwa kona?"

"Watu ndiyo ilileta. Ile asubuhi jua ilikuwa kali, na mzee amelala hapo wazi, nzi nakuja. Jirani alikata mwarobaini, wakamfunika mpaka nyinyi shurta mkuje. Nyinyi mlichukua mzee, matawi mliacha."

"Kwa nini hukutoa?"

Poni alimtazama kana kwamba ndiye mgeni wa mji. "Mtu amelala hapo amekufa, afande. Mimi natoa vipi? Hosh yenye maiti imelala, hapana fagia mpaka watu yake wakuje, wafagie kwanza wao, wamalize. Ndiyo sisi nafagia."

"Watu ya Pitia hawakukuja."

"Hawakuja. Wanasema bwana yangu ndiyo aliua. Mimi alituma mama ya kanisa kuwaomba, mara mbili. Wakamfukuza." Alikaza kanga kiunoni. "Mzee Pitia ndiyo alitupa kazi wakati tulitoka Uganda, hatuna kitu. Hata kama alimfukuza bwana yangu ile siku, mimi nalia yeye. Kama nafagia, watu nasema mke ya Jude nafurahi."

Cirillo aliandika yote. Mwanamke huyu alikuwa amemlilia marehemu siku ishirini kwa namna aliyofundishwa, na kwa kufanya hivyo alikuwa amemwandalia kila mdudu wa kuvu kiti cha kukaa. Hakumwambia. Alimwuliza tu kama jirani aliyekata mwarobaini angesema hivyo mbele ya wakili, na Poni akaita juu ya mabati. Jirani huyo, fundi wa baiskeli, alikubali upesi. Ndiyo, aliyakata yeye, mabichi, siku ile ile, na hosh hii ilikuwa safi kabla ya hapo.

Hapo Cirillo alipata tumaini jipya, na lilikuwa tumaini zuri kabisa. Aliyapanga mambo njiani. Hosh ilikuwa safi. Matawi yaliletwa mabichi, baada ya maiti. Kuvu iliota baadaye, thripsi wakaja baadaye, na mbawa zao zinasema hivyo. Wa blanketi hawana mbawa, walitoka penye rundo la miaka. Alimpitia Zilpah na vioo vyake viwili katika kisanduku cha mbao, na saa saba na nusu walikuwa wameketi mbele ya Robinson Gune.

Wakili wa serikali Gune alisomea Nakuru tangu shule ya msingi, na Kiswahili chake alikitunza kama watu wengine wanavyotunza viatu. Hakuwa mtu mbaya. Cirillo angependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akatazama ndani ya hadubini ndogo ambayo Zilpah alikuja nayo, akatazama tena.

"Nimeona mbawa," alisema. "Na nimeona wasio na mbawa. Madam, hawa ni aina moja?"

"Ni kundi moja. Wanakula kitu kimoja."

"Sijauliza kundi. Aina. Jina lao."

"Sina jina," Zilpah alisema. "Thripsi wa majani makavu hapa nchini, kama kuna mtu amewaorodhesha, sijaona hiyo orodha. Nimetuma picha kwa watu watatu wanaowajua. Mmoja amejibu kwamba anahitaji miezi, na vielelezo vyenyewe."

"Kwa hiyo huenda ni aina moja."

"Huenda."

"Kama ni aina moja, katika familia moja anaweza kuzaliwa mwenye mbawa na asiye na mbawa?"

"Inatokea."

"Katika rundo moja la vijiti?"

Zilpah alivuta pumzi. "Inatokea. Lakini si wote kumi na mmoja upande mmoja na wote ishirini na watatu upande mwingine."

"Utaapa hivyo?"

"Nitaapa kwamba ni vigumu."

"Vigumu." Gune alifungua faili na kutoa picha iliyochapishwa, moja ya zile mbili za afisa wa kwanza. Pitia alikuwa chini ya matawi, uso peke yake umefunuliwa. Pembezoni mwa picha, kila upande, yalikuwa majani. "Hii ni saa mbili na robo ya asubuhi ile. Nionyesheni hosh iliyofagiwa."

"Hayo ni matawi ya jirani, mheshimiwa," Cirillo alisema. "Iko na shahidi. Aliyakata mabichi."

"Tawi bichi la mwarobaini, madam. Halina kijiti hata kimoja kilichokufa juu yake?"

"Linaweza kuwa nacho."

"Na kijiti hicho kinaweza kuwa na kuvu, na kuvu hiyo ikawa na wadudu, na matawi yakiwekwa juu ya blanketi wadudu wakaangukia blanketi?"

Cirillo alimtazama Zilpah. Alimwomba kwa macho, na aliona aibu kwa kumwomba. Neno moja tu lilitosha, na hakuna mtu Juba nzima ambaye angeweza kulipinga.

"Wanaweza," Zilpah alisema.

Jenereta ya jengo la pili ilizimika, na sauti za barabarani zikasikika vizuri.

"Mheshimiwa, fundi wa baiskeli anasema hosh ilikuwa safi," Cirillo alisema. "Mke anasema. Wote kwa kichochoro watasema."

"Na watasema kweli, naamini. Mke wangu hufagia, wako hufagia. Kila shahidi Juba ataapa kwamba kila hosh ilifagiwa. Jaji ataniuliza: hii iliyo kwenye picha je? Na hii sajini aliyochota jana je? Inspekta Lako, mfuko huu umeuleta wewe. Mimi sikuwa nimewahi kusikia habari za thripsi. Ungeniletea wale kumi na mmoja peke yao, nisingekuwa na la kuwajibu, ningelazimika kusimamisha hati hii ya mashtaka. Umeniletea na ishirini na watatu wa kwa mshtakiwa."

"Ningeficha?"

"Hapana," Gune alisema taratibu. "Usingeficha. Kama huyu madam alivyokataa kuficha."

"Cyrus alichoma lile rundo."

"Bika ilikwisha, akafagia. Mimi mwenyewe nilikuwapo siku ile kutoa pole. Ningemshtaki kwa kufanya ambacho sote tungefanya?" Alikuwa ameshashika kalamu. "Nakuamini, kama itakusaidia kulala. Lakini kuamini kwangu hakuandikwi hapa."

Akatia sahihi. Kisha akavuta karatasi ya pili, akaandika mistari mitano, akaigonga muhuri. Hosh ya mshtakiwa, majani na matawi yote yaliyomo, ni kielelezo cha mahakama kuanzia leo. Yasiguswe, yasifagiwe, yasiondolewe hadi hukumu itolewe. "Hili nimekufanyia wewe," alisema. "Madam akija kupata jina la hawa wadudu, angalau patakuwa na pa kurudi kuchota."

Nje, Zilpah alikifungia kisanduku chake kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ningesema haiwezekani," alisema, "kesi ingesimama?"

"Leo, ndiyo."

"Na wewe ulitaka niseme."

"Mimi alitaka," Cirillo alisema. Hakuona sababu ya kumdanganya. "Enda nyumbani, daktari. Hapana kosa yako."

Alimwangalia akivuka barabara. Gari la mahabusu lilitoka uani saa nane na dakika kumi kuelekea gereza kuu, na kupitia wavu wa nyuma aliona vidole vya watu, lakini hakujua vipi vilikuwa vya Jude.

Saa tisa alikuwa tena langoni kwa Poni, na bunda la utepe wa polisi mkononi. Achai alikuwa mahakamani kwa kesi nyingine. Hakuwa na mtu wa kumtuma, na hata angekuwa naye asingemtuma. Poni alikuwa akichambua mchicha mlangoni. Alisimama alipomwona.

Cirillo alimwambia yote, akiwa amesimama juu ya kile kijia. Alimwambia kuhusu hati, kuhusu gereza kuu, siku za kwenda kumtazama mumewe, na mlango wa kuingilia. Kisha akamsomea ile karatasi ya pili, akiitafsiri neno kwa neno.

"Mpaka hukumu," Poni alirudia. "Hiyo ni siku ngapi?"

"Mwaka. Inaweza kupita."

Alitazama majani. "Asubuhi ulikuja kuuliza hii majani. Mimi nasema hapana fagia, uliandika yote."

"Ndiyo."

"Kama mimi nilikuwa nafagia," alisema, "bwana yangu leo nakuja nyumbani?"

Cirillo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu ofisini kwa Gune, na alikuwa ametunga majibu matatu, yote ya kungojea siku, jina na wataalamu. Alimtazama usoni akaona hakuna hata moja atakaloweza kulisema hadi mwisho.

"Ndiyo," alisema.

Poni hakulia. Aliinama, akaiweka ile beseni ya mchicha ndani ya mlango, akaufunga. Alipogeuka alinyoosha mkono kuelekea kwenye utepe, na Cirillo hakuelewa anataka nini.

"Peke yako utafunga vipi?" alimwuliza. "Upepo nachukua hiyo. Leta hapa ncha."

Alimpa, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine. Poni aliishika kwenye nguzo ya lango huku yeye akikunjua. Wakaizunguka hosh yote namna hiyo, yeye mbele, mke wa Jude nyuma akikaza mafundo, wakiinua miguu juu ili wasivuruge majani.